Chura Ndani ya Kipimo cha Mvua

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla jirani hajafungua hata dirisha, mpima mvua alikuwa ameshautia mafuta mnyororo wa baiskeli yake na kukifunga kitabu chake cha vipimo kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu. Ofisini walimwita Matone. Jina hilo alibandikwa na mwenzake kwa utani, likamganda hadi wakubwa nao wakawa wanaliandika kwenye barua.

Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Kila Jumamosi alizunguka kilomita hamsini na nane, akapita kwenye vipimo sita vya mvua vilivyochimbiwa huko mashambani, akamimina maji ya kila kimoja kwenye bilauri yenye mistari, akasoma, akaandika, akamwaga, akapanda baiskeli tena. Amefanya hivyo miaka ishirini na sita. Kuna watu wamepewa ngao na picha ukutani kwa mambo madogo kuliko hayo, lakini hao walikuwa na magari.

Sasa ofisi ilikuwa inaleta mashine za kujipimia zenyewe na kutuma hesabu kwa simu. Matone hakuzionea kijicho. Mashine na zije, magoti yake yalikuwa yameshaanza kumlalamikia kwenye vilima. Alichokitaka ni kimoja: vitabu vyake ishirini na sita, kimoja kwa kila mwaka, viingizwe kwenye kumbukumbu za kudumu. Barua ilikuwa imesema kwamba mtaalamu kutoka makao makuu anavikagua. Kitakachokubaliwa kitahifadhiwa, kisichokubaliwa kitaondolewa. Jibu lingetolewa Jumatatu. Kwa hiyo Jumamosi hii ndiyo ilikuwa ya mwisho kwenda na kitabu, na alitaka aifaidi.

Akaifaidi kweli. Lami ilimwishia mbele ya kiwanda cha mbao, na kuanzia hapo njia ikawa ya udongo mwekundu uliolowa kidogo tu, ule udongo ambao tairi hulalia vizuri bila kuzama. Kwenye nguzo ya umeme kigogota alikuwa anagonga kama fundi aliyechelewa kumaliza kazi ya watu. Mbele kidogo kwale jike alivuka na vifaranga saba, wa saba akiwa nyuma sana, na Matone akashika breki, akaweka mguu chini, akamsubiri huyo wa saba amalize safari yake. Hakuna aliyekuwa anamharakisha. Ukiwa kwenye gari humwoni kwale, na ukiwa kwa miguu anakuona wewe kwanza. Baiskeli ipo katikati: inakwenda bila kelele, na wanyama wengi huichukulia kama kiumbe cha ajabu kisicho na nia mbaya.

Kipimo cha kwanza, milimita tisa. Kipimo cha pili, kilichokuwa nyuma ya shule iliyofungwa zamani, kilikuwa na chura. Alikuwa amekaa shingoni mwa chupa, macho mawili nje, mwenye nyumba hasa. Matone alimtoa kwa vidole viwili, akamweka kwenye nyasi, akamimina maji. Kisha akaandika kama alivyoandika siku zote: milimita kumi na nne, na kwenye safu ya maelezo, "Chura mmoja ndani. Nimemtoa. Alikuwa hai."

Safu hiyo ya maelezo ndiyo iliyokuwa utamu wake. Kanuni za kazi zilisema mpimaji aandike chochote kinachoweza kuathiri kipimo. Chura akiruka anatoka na maji. Nyani wa kipimo cha tatu walikuwa wakinywa maji yenyewe mpaka alipofunika mdomo kwa wavu wa waya, na hata hapo walijifunza kuuinua. Nyuki waliwahi kujenga ndani ya faneli. Yote hayo aliyaandika, na yote yalikuwa haki yake kuyaandika. Basi kidogo kidogo kalamu ikazoea. Mwaka wa pili aliandika juu ya nguchiro watano waliosimama wima wakimtazama anavyosoma. Mwaka wa tatu aliandika juu ya hondohondo dume aliyekuwa akimlisha mkewe kwenye tundu la mti. Hakuna mkubwa aliyemkataza, kwa sababu hakuna mkubwa aliyesoma.

Mwenzake, yule aliyembandika jina, alikuwa na vipimo sita vya bonde la pili. Naye watu walimwita Birika, maana safari yake ya Jumamosi iliishia kwenye duka la chai mita mia tatu kutoka ofisini. Hapo alifungua kitabu cha mwaka jana, akachukua tarakimu, kwenye moja akaongeza mbili, kwenye nyingine akapunguza moja, akanakili kwa mwandiko mzuri. Saa nne alikuwa nyumbani kwake. Wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kukuazima pampu na wa kwanza kufika msibani. Alikuwa mvivu tu, tena mvivu mwenye roho safi, na watu wa namna hiyo ni vigumu kuwachukia mpaka siku uvivu wao utakapokufikia.

Kilima cha kipimo cha nne kilimtoa Matone jasho, halafu kikamlipa kwa mteremko wa kilomita mbili. Aliachia pedali, akanyoosha miguu, madigadi yakawa yanalia, mbayuwayu wakawa wanapita mbele ya usukani karibu wamguse vidole. Mtu wa miaka hamsini na nane ana aibu zake, lakini pale hakukuwa na wa kumwona, akacheka peke yake mpaka chini darajani.

Darajani ndipo kilipokuwa kipimo cha tano, na hapo palikuwa na habari ambayo haikumalizika. Kwenye jiwe moja bapa katikati ya mto, kwa miaka ishirini na sita, alikuwa akikuta mifupa ya samaki na alama za nyayo zenye utando. Fisimaji. Alijua anaishi hapo, na hakuwahi kumwona hata mara moja. Alikaa dakika ishirini akitafuna mkate wake, akilitazama jiwe. Alikuja mdiria, akapiga mbizi, akatoka na kisamaki. Fisimaji hakuja.

Mkewe alikuwa akimcheka sana kwa hilo. Marehemu huyo alikuwa mtu wa kukaa mlangoni Jumamosi jioni na sufuria ya chai, na kabla ya kumwuliza habari za magoti alimwuliza, "Leo umeona nini?" Naye alifungua kitabu akasoma safu ya maelezo, kipimo kwa kipimo, kama gazeti. Mwishoni mkewe aliuliza, "Na yule mwenyeji wa darajani?"

"Bado."

"Anakukwepa. Una sura ya mtu anayedai."

Alipougua, na ugonjwa ulimkalia miezi mitano, habari hizo ndizo zilizokuwa dawa asiyoitema. Ijumaa moja pumzi ikaanza kumkatika. Jumamosi asubuhi alisema kwa sauti ndogo, "Nenda, baba. Baiskeli itapata kutu." Matone hakwenda. Alikaa amemshika mkono, baiskeli imeegemea ukuta nje, mpaka alasiri mkono ule ulipoacha kushika. Hilo halijutii, na hakuna mwenye akili atakayemtaka alijutie.

Anachokijuta ni cha Jumanne iliyofuata, siku ya kupeleka kurasa ofisini. Birika alikuwa amekuja kukaa naye, akauona ukurasa mweupe. Kanuni iliruhusu kuandika "Sikwenda" ukaisha. Lakini Matone alikuwa na miaka kumi na saba bila pengo, na alilionea aibu pengo lile kama mtu aliyetoka nyumbani bila kiatu kimoja. Birika akamwekea mkono begani.

"Ndugu yangu, usijitese na msiba wako huu. Chukua ya mwaka jana, ongeza mbili, punguza moja. Mbingu hazitakushitaki."

Akaandika. Tarakimu sita, mwandiko mzuri. Kwenye safu ya maelezo, kwa kuwa hakuona kitu, aliandika neno moja: "Hakuna." Miaka tisa ilipita tangu siku hiyo, na kila alipokuwa akipanga vitabu kabatini alikuwa akikipita kile cha mwaka ule bila kukifungua.

Jumatatu walikutana kwenye chumba cha mkuu wa kitengo, chumba chenye makabati ya chuma na feni iliyokuwa ikizunguka bila kuleta upepo. Vitabu vya Matone vilikuwa mezani kwenye boksi la karatasi. Birika alikuwa ameshakaa, shati limepigwa pasi. Mtaalamu alikuwa binti wa umri wa binti yake, mpole, mwenye kompyuta na glasi ya maji ambayo hakuinywa.

"Karibu, mzee wangu. Nimevisoma vyote," alisema.

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Matone maneno hayo. Alikaa vizuri kwenye kiti.

"Naomba nikueleze tunavyofanya. Mfumo wetu unachukua vipimo vyako vya wiki, unavilinganisha na vya majirani. Mvua ni kitu cha eneo. Vituo vikikaribiana, hesabu zake nazo zinatakiwa zikaribiane. Sasa tazama wiki hii. Bonde la pili lina ishirini na tatu, ishirini na nne, ishirini na mbili. Wewe juu ya kilima una sifuri, darajani una arobaini na moja. Ni kilomita saba tu hapo katikati."

"Ndivyo ilivyonyesha, binti yangu. Ilipita upande mmoja wa kilima. Upande wa pili nilikuta vumbi."

"Nakuelewa. Ila mfumo unaliona hilo ni kosa. Na ni hivyo karibu kila wiki."

"Majirani unaonilinganisha nao ni wa bonde la pili?"

"Ndiyo. Vitabu vyao vimenyooka sana."

Matone alimtazama Birika. Birika alikuwa akivitazama viatu vyake. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno: waulizeni vilinyookaje. Lakini ukurasa mmoja wa miaka tisa iliyopita ulimziba mdomo. Utamnyooshea mwenzako kidole vipi na kidole chenyewe kina wino uleule? Akalimeza.

Mkuu wa kitengo alikuwa na kitabu kimoja mkononi, akikisoma kwa kusogeza midomo. "Na haya mengine ni nini, mzee? 'Chura mmoja ndani, alikuwa hai.' 'Nguchiro watano.' Hapa: 'Kobe amelala juu ya kifuniko, nimesubiri aondoke.' Umesubiri?"

"Saa moja na robo."

"Na hii: 'Hondohondo dume anamlisha jike tunduni.' Hii inahusu nini na mvua?"

"Haihusu, mkuu. Ilikuwa nzuri."

Mtaalamu alitabasamu. Mkuu hakutabasamu. "Kumbe sisi tukidhani uko kazini, mwenzetu ulikuwa unaponda raha. Ndiyo maana hesabu zimekwenda mrama. Mtu macho yako juu ya miti, atasoma mistari saa ngapi?"

Yaani hicho ndicho kilichomuuma. Siyo kusemwa, kusemwa alikuwa amezoea. Kilichomuuma ni kwamba raha yake ndiyo iliyogeuzwa shahidi dhidi yake. Angekuwa ameichukia njia ile, angekuwa amekwenda na kurudi amenuna miaka ishirini na sita bila kuinua shingo, wangemwamini. Alitaka kueleza kwamba ni kinyume chake, kwamba aliyepita njia kwa kuipenda ndiye anayejua ni upande gani wa kilima uliolowa.

"Msimkatishe tamaa mzee," alisema mtaalamu, na alisema kwa nia njema kabisa. "Kuna wiki aliyoifanya vizuri sana. Ni moja tu katika zote ambayo vituo vyake sita vimekubaliwa na mfumo, lakini hiyo moja ni ya mfano. Nimeweka alama. Hebu tazama, mzee wangu, kazi ya namna hii ndiyo tuliyokuwa tunaitaka."

Akamgeuzia kitabu. Matone hakuhitaji miwani. Aliujua mwandiko ule ulivyotulia, tarakimu sita zilizopangwa kama vikombe kabatini, na neno moja pembeni.

"Unaona? Hakuna ndege, hakuna chura. Safi."

Feni ikazunguka.

"Hiyo ni wiki aliyofariki mke wangu," alisema Matone.

"Pole sana, mzee wangu. Na bado ulikwenda kazini."

"Sikwenda."

Mtaalamu aliacha kidole chake palepale kwenye ukurasa.

"Sikwenda," alirudia. "Nilikaa nyumbani nimemshika mkono. Hizo nilizitoa kwenye kitabu cha mwaka uliotangulia. Ongeza mbili, punguza moja. Ndiyo maana zimekubaliana na za majirani, zimepikwa chungu kimoja."

Mkuu wa kitengo alikifunga kitabu alichokuwa nacho. "Unasema nini wewe? Unamtuhumu mwenzako? Huyu huyu aliyelibeba jeneza la mkeo begani?"

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Birika aliinua uso. Macho yake yalikuwa na machozi, tena ya kweli. "Mwacheni, mkuu," alisema. "Ana uchungu. Siku zile hata mimi nilimwona, hakuwa anajua anachoandika."

Hapo ndipo lilipokwisha. Wakamtazama wote watatu kwa huruma, na huruma ya watu watatu kwa pamoja ni mzigo usiojibika. Angewatukana wangesema msiba bado haujamtoka. Angenyamaza ingekuwa hivyohivyo.

"Basi ifuteni hiyo," alisema. "Kama hamzitaki nyingine, hiyo nayo ifuteni."

Mtaalamu aliangalia kompyuta, halafu akamwangalia mkuu. "Mfumo umeshaipokea. Kuitoa ni lazima niwe na ushahidi."

"Ushahidi si mimi hapa?"

"Mzee," mkuu alisema, sasa kwa upole, "tumetafuta jambo moja la kubaki na jina lako, tumelipata. Usituharibie na hilo."

Boksi la vitabu likasukumwa chini ya meza kwa mguu. Kwenye kumbukumbu za kudumu za mvua ya eneo lile, ukitafuta jina la Matone, utakuta wiki moja, na wiki hiyo ndiyo pekee ambayo hakupima chochote.

Jumamosi iliyofuata alitumwa kwenda kuvikusanya vipimo. Mashine zilikuwa zimeshasimikwa juu ya vyuma virefu, na vile vya zamani vilitakiwa ving'olewe virudishwe ghala. Alichukua jembe fupi na gunia mbili. Kitabu hakuwa nacho, na alipokuwa akifunga gunia kwenye keria mkono ulikitafuta wenyewe mara mbili.

Asubuhi ilikuwa nzuri kwa kumkomoa. Ukungu ulikuwa umelala mashambani, yangeyange wamesimama juu ya migongo ya ng'ombe, kila utando wa buibui kwenye ua una shanga zake za maji. Alivipita. Kwenye shule ya zamani alichimba, akatoa kopo, na chura alikuwamo. Alimtoa, akamweka kwenye nyasi, akabaki ameinama hapo bila cha kuandika. Kwenye kipimo cha tatu nyani wawili walikuwa wameshapanda kwenye mashine mpya wakining'inia kwenye waya wake. Huko ofisini, bila shaka, mfumo ulikuwa ukipokea kitu na kukiita mvua.

Mteremko aliushuka kwa breki, kwa sababu ya makopo. Yaligongana nyuma yake njia nzima, ndege wakawa wanaruka kabla hajafika.

Darajani alipiga magoti akaanza kuchimba. Kopo lilikuwa limeshikwa na mizizi, akahangaika nalo muda mrefu, na alipolitoa akakaa kitako apumue. Ndipo maji yalipofunguka karibu na jiwe bapa, akatoka. Alikuwa mrefu kuliko alivyomdhania, wa kahawia, ana ndevu, samaki mdomoni bado anapigapiga mkia. Fisimaji alikaa juu ya jiwe lake, akamshika samaki kwa mikono miwili kama mtoto anavyoshika muwa, akaanza na kichwa. Alikula taratibu. Alimwona Matone, akamtazama sawasawa, akaendelea kula. Alipomaliza alijilamba kifua, akajigeuza mgongo juani, akakaa hivyo muda wa mtu kunywa chai akamaliza, kisha akateleza majini bila kurusha hata tone.

Matone alilia. Alilia ovyo, kamasi na yote, amelikumbatia kopo la shaba, kwa kuwa jibu la swali lilikuwa limekuja na muulizaji hayupo.

Alifika nyumbani saa tisa. Sebuleni binti yake alikuwa kwenye cherehani akishona sare za wanafunzi, lundo la mikono ya mashati likiwa miguuni pake. Tangu mama yake alipoondoka ni yeye aliyekuwa akiuliza, kila Jumamosi, na ingawa mara nyingi aliuliza bila kuinua macho, hakuwahi kusahau. Alisikia makopo yakishushwa ukutani, akapunguza mguu kwenye pedali ya cherehani ili asikie jibu.

"Pole na safari, baba. Leo umeona nini?"

Matone alisimama mlangoni, udongo umemganda magotini. Alifungua mdomo, na kilichotoka ni lile neno walilolipenda ofisini.

"Hakuna," alisema, akapita kwenda kunawa mikono.